Kompyuta Isiyo na Daftari

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya jiko, malezi ya watoto na namna ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi. Juma hili nawaomba ruhusa tutoke jikoni twende sebuleni, kwenye ile meza ya pembeni ambapo nyumba nyingi siku hizi zimeweka kompyuta. Nataka tuseme juu ya ugonjwa mmoja wa mtambo huo, ambao huonekana mdogo mpaka siku utakapomkuta mtu mwenye haja. Unauagiza mtambo utafute karatasi fulani, nao unafikiri na kufikiri, wala hauleti jibu.

Nitaanza na kisa kilichotokea nyumbani kwangu.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikisikika kutoka upande wa Buyenzi, mama mmoja jirani yetu alibisha hodi. Mama huyo ni mjane wa askari polisi. Marehemu alikuwa rafiki yangu, na kwa sababu hiyo huniita shemeji, nami humwita vivyo hivyo. Tulipokwisha kusalimiana na kuulizana habari za watoto, alikaa kimya kidogo, kisha akasema:

"Shemeji, nina neno zito. Kesho saa tatu asubuhi natakiwa kupeleka namba ya cheti cha ndoa, na kesho ndiyo siku ya mwisho. Cheti chenyewe kililowa mvua. Bati lilivuja juu ya sanduku, wino wote ukachuruzika."

"Pole sana, shemeji," nikamjibu. "Na huko komini?"

"Huko wanataka namba, au walau tarehe kamili. Nami nakumbuka mwezi tu."

Msomaji wa hapa kwetu ataelewa mara moja. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwaagiza watu wote wanaoishi kama mume na mke bila kuandikishwa waihalalishe ndoa yao kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka ule. Jirani zangu hawa walikuwa wamekwisha kuoana kidini zamani, wakajipanga foleni pamoja na wenzao wengi katika siku za mwisho. Vitabu vya mwaka ule ni vinene. Mwenye namba, karani hufungua ukurasa, akateremsha kidole, akaandika nakala mpya. Asiye na namba humlazimisha karani apekue jina baada ya jina, na karani ana watu wengine mlangoni.

"Lakini marehemu alikuja hapa kwako," mama yule akaendelea. "Mlimchukulia karatasi zake picha kwenye kompyuta. Aliporudi nyumbani aliniambia, hata nyumba ikiungua, karatasi zetu ziko salama kwa shemeji."

Nikakumbuka, na ilikuwa kweli. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, marehemu hakuwa na imani na kitu chochote kilichowekwa mahali pamoja tu. Alikuwa ameiweka amana yake kwangu, na sasa mkewe amekuja kuidai. Haki za mjane na watoto watatu zilikuwa zimekwama kwa sababu ya tarakimu chache, na tarakimu hizo zilikuwa ndani ya kompyuta yangu, hatua nne kutoka kiti alichokalia.

Kijana wangu aliketi akaandika neno "ndoa" katika kisanduku cha kutafutia. Duara dogo likaanza kuzunguka. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Zilikuja barua za mashindano ya mpira na nyimbo za harusi, lakini cheti hakikuonekana. Kijana, kwa nia njema kabisa, akasema amewahi kusikia kwamba dawa ni kuiamuru kompyuta ijenge upya orodha yake ya kutafutia. Akabonyeza. Hata yale machache yaliyokuwa yakionekana yakatoweka. Ilipofika saa mbili usiku umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yetu imezeeka, nayo haikudumu hata robo saa. Tukabaki tunatazamana kwa mwanga wa mshumaa, na mama yule akaaga kwa sauti ya chini.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilijiuliza imekuwaje mtambo unaosifiwa kwa kasi ushindwe na kazi ambayo karani mwenye miwani huimaliza kwa dakika mbili. Jibu, ndugu zangu, limo katika methali ya wazee wetu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia mbili za kutafuta

Kuna njia mbili za kutafuta kitu. Njia ya kwanza ni kwenda kwa miguu. Unaingia chumba cha kwanza, unafungua kila sanduku, unaingia cha pili, na kadhalika hadi mwisho wa nyumba. Njia ya pili ni kufungua daftari lililoandikwa mapema, likakuambia kitu chako kiko chumba cha tatu, sanduku la pili, upande wa kushoto.

Askari mwenye zamu kwenye ghala la silaha anaifahamu tofauti hii kuliko mimi. Akiulizwa habari za bunduki yenye namba fulani, hainui bunduki moja moja rafuni. Hufungua rejista. Askari polisi naye, akiulizwa juu ya taarifa iliyoletwa kituoni mwaka jana, huomba namba yake. Bila namba, siku nzima itaisha akifunua kurasa.

Kompyuta nayo ndivyo ilivyo. Tunapoandika neno tukapata jibu kufumba na kufumbua, si kwamba imekwenda kuyasoma mafaili yetu yote wakati ule. Imesoma daftari lake. Nalo daftari hilo iliandika zamani, polepole, sisi tukiwa tunakunywa chai. Daftari likikosekana, au likiwa na kasoro, mtambo hurudia njia ya miguu, na hapo ndipo mwendo wa kobe unapoanza.

Tufanye hesabu ndogo. Kompyuta nyingi za zamani, kama yangu, huhifadhi mambo juu ya sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika. Kidole cha chuma kinachosoma sahani hiyo huhitaji kama sehemu moja ya mia ya sekunde kila kinaporuka kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Muda huo ni mdogo sana. Lakini nyumba yenye watoto wawili na simu zenye kamera hukosi kuikuta na mafaili 60,000. Kuruka mara 60,000 tu, bila hata kusoma kilichomo, ni sekunde 600, yaani dakika 10. Na kila faili likitakiwa kufunguliwa na kusomwa ndani, mahesabu hupanda zaidi. Basi, kompyuta yetu ile jioni haikuwa mgonjwa wala mvivu. Ilikuwa inatembea kwa miguu.

Ujuzi wa kale

Daftari la namna hii kwa Kiswahili huitwa faharasa, na ujuzi wake ni wa kale kuliko mitambo. Mjini Baghdad, karibu mwaka 987, Ibn al-Nadim alitunga kitabu kiitwacho Fihrist, kilichoorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua vya kila elimu. Neno letu faharasa ni la ukoo mmoja na jina la kitabu hicho. Mjini Paris, katika miaka ya 1230, mapadri wa Kidominiko wa nyumba ya Saint-Jacques, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, waliandika faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Kwa kila neno walionyesha mahali lilipotajwa, ili mhubiri asilazimike kusoma kitabu kizima kutafuta mstari mmoja.

Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo ya mapadri wale. Husoma kila faili, huchukua kila neno, kisha huandika: neno "mvua" liko katika faili hili na lile, neno "mshahara" liko katika haya matatu. Ukiuliza, hutazama neno, si faili.

Kuna faida nyingine inayotokana na elimu hii. Mwaka 1972 bibi mmoja mwanachuoni wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alieleza kwamba neno lililo adimu lina thamani kubwa zaidi katika kutafuta kuliko neno lililoenea kila mahali. Fikira yake imekuwa msingi wa mitambo mingi ya kutafutia. Nasi tuishike nyumbani. Ukitaka barua yako ya kuomba kiwanja, usiandike "barua", maana barua ni nyingi. Andika jina la mtaa, au namba, au jina la mtu ambalo halimo katika barua nyingine. Neno moja adimu hukata njia kuliko maneno matano ya kawaida.

Kwa nini daftari huharibika

Sababu ziko nyingi, lakini kwa nyumba za huku kwetu nimezikuta hizi.

Ya kwanza ni kwamba kuna mahali ambapo mwandishi wa daftari hakutumwa. Katika kompyuta nyingi zinazotumia Windows, daftari kwa kawaida huandika yaliyomo katika folda za mwenye nyumba, yaani hati zake, picha zake, na vilivyo juu ya meza ya kioo. Sehemu ya pili ya diski, au diski ya nje, huweza kuachwa. Kumbe kwangu ndivyo ilivyokuwa. Diski ya kwanza ilipojaa, kijana alihamishia picha zote za zamani sehemu ya pili, bila kuliarifu daftari.

Ya pili ni kukosa muda. Mwandishi huyu ana adabu. Mwenye kompyuta akifanya kazi yeye hupunguza mwendo, na kompyuta ikiwa katika kubana matumizi ya betri huweza kusimama kabisa. Sisi nasi tuna desturi ya kuwasha, kuandika barua moja, na kuzima upesi kabla umeme haujakatika. Hivyo daftari hubaki nusu mwezi baada ya mwezi.

Ya tatu ni diski iliyojaa hadi pomoni. Daftari nalo linahitaji mahali pa kukaa. Kwa kawaida halifiki sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa vitu vinavyoandikwa ndani yake, lakini ikiwa hakuna nafasi hata kidogo, haliwezi kuandikwa.

Ya nne ni kukatika kwa umeme ghafula wakati wa kuandika. Ukurasa huachwa umekatwa katikati, na baadaye mtambo hushindwa kuuamini.

Ya tano ni wingi uliopita kiasi. Watengenezaji wa Windows wenyewe wameeleza kwamba vitu vikipita 400,000 katika daftari, mwendo huweza kuanza kuzorota, na kwamba daftari halikukusudiwa kuchukua zaidi ya 1,000,000. Nyumba ya kawaida haifiki huko, ila ikiwa kila mchezo na kila programu imeandikwa humo bila sababu.

Namna ya kutengeneza

Sasa tushike kazi. Nitataja maneno ya kioo kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana katika kompyuta nyingi za Bujumbura.

Kwanza, tambua ugonjwa. Je, ni kutafuta tu kunakochelewa, au kompyuta nzima? Ikiwa kila jambo linachelewa, na diski inatoa mlio usio wa kawaida, acha kutafuta na uanze kunakili vitu vyako mahali pengine upesi, maana huenda diski inakaribia kufa.

Pili, kama kuna haraka, usijenge daftari upya. Hili ndilo kosa letu sisi. Kulijenga upya ni kulitupa la zamani na kuanza ukurasa wa kwanza, na mpaka kazi iishe, majibu yatakuwa pungufu. Mtu hang'oi mlango wa nyumba usiku wa mvua kwa sababu bawaba zinalia. Ukiwa na haraka, ingia wewe mwenyewe katika folda unayoidhania, na utafute humo peke yake. Kutafuta ndani ya folda moja ni mepesi kuliko kuiagiza kompyuta ipekue kila kitu.

Tatu, siku ya utulivu, fungua Panneau de configuration, kisha Options d'indexation. Hapo juu utaona idadi ya vitu vilivyokwisha kuandikwa, na kama kazi imekwisha au bado inaendelea. Ikiwa inaendelea, dawa yako ni subira. Iache kompyuta ikiwaka, imechomekwa kwenye umeme, bila kuigusa.

Nne, katika dirisha hilo hilo bonyeza Modifier. Utaona orodha ya mahali. Tia alama pale zilipo barua, vyeti na picha za familia, hata kama ni sehemu ya pili ya diski. Ondoa alama kwenye folda za michezo, filamu na programu. Mwandishi wako ana kalamu moja, usimtume kuandika vya bure.

Tano, punguza mzigo. Futa filamu mlizokwisha kutazama na picha zilizojirudia, upate nafasi katika diski.

Sita, ikiwa baada ya hayo yote majibu bado ni mabaya, ndipo ulijenge upya. Bonyeza Avancé, halafu Reconstruire. Usiogope, faili zako hazifutwi, kinachofutwa ni daftari tu. Lakini chagua siku ambayo umeme unaaminika, uanze kabla ya kulala, na uzuie kompyuta isijizime yenyewe. Kazi hii huweza kuchukua saa nyingi, hasa kwa diski ya kuzunguka.

Saba, mwenye uwezo anaweza kumwomba fundi amwekee diski isiyozunguka. Hiyo haina sahani wala kidole cha chuma, na kuruka kwake kutoka mahali hadi mahali ni kwa kasi mara nyingi zaidi. Hata hivyo nimeliweka shauri hili mwisho kwa makusudi. Nyumba isiyo na mpangilio, hata ukiinunulia taa kali, funguo zitaendelea kupotea.

Jambo ambalo daftari haliwezi

Turudi kwenye kisa. Umeme ulirudi saa kumi na nusu alfajiri. Niliamka nikaketi mbele ya kompyuta, mke wangu akampigia simu mama yule, naye akaja na kanga yake begani.

Kufikia hapo nilikwisha kung'amua jambo moja. Hata kama daftari letu lingekuwa zima, lisingetupa cheti. Kwa nini? Kwa sababu kile hakikuwa maandishi, kilikuwa picha ya maandishi. Jicho la binadamu huona humo neno "ndoa", lakini kompyuta ya kawaida huona madoa ya weusi na weupe. Nalo jina ambalo kamera iliipa picha ile lilikuwa herufi tatu na namba. Kijana wangu hakuibadilisha jina siku ile, na mimi sikumwambia aibadilishe. Tulipokea amana ya mtu tukaitupa katika rundo.

Nikamwuliza mama, "Shemeji, unakumbuka marehemu alikuja lini na karatasi hizi?"

Akafikiri. "Mwezi siujui. Lakini nakumbuka kitinda mimba wetu alikuwa anaanza darasa la kwanza. Marehemu alimshonesha sare kwa fundi wa Jabe, na siku ile ile akapitia kwako."

Watoto huanza masomo Septemba, na mtoto yule aliingia shule mwaka 2019. Tukafungua ile folda ya picha katika sehemu ya pili ya diski, tukazipanga kwa tarehe. Hapa pana hadhari ndogo. Picha ikinakiliwa mahali papya, tarehe ya kuundwa kwake huweza kubadilika ikawa ya siku ya kunakili, bali tarehe ya mabadiliko ya mwisho kwa kawaida hubaki ile ya asili. Tulitumia hiyo. Tukateremka hadi Septemba 2019. Zilikuwamo picha hamsini na kitu. Tukaona sare mpya, mtoto akicheka bila meno mawili ya mbele, na mara baada yake karatasi zimepangwa juu ya kitambaa cha meza yetu. Ya nne ilikuwa cheti, na namba ilisomeka vizuri, pamoja na tarehe.

Mama yule hakusema kitu. Alirudi nyuma picha tatu, akaitazama kwa muda ile ya mtoto na sare yake, ambayo marehemu mwenyewe alikuwa ameipiga.

Kazi yote ilichukua muda wa dakika tano. Daftari lililotusaidia lilikuwa kichwani mwa mama, naye alikuwa ameliandika kwa sare za shule na meno ya mtoto.

Yatupasayo kufanya

Kutokana na hayo, nawashauri wasomaji wangu, hasa ninyi ambao waume au wake zenu huhamishwa kutoka kambi hadi kambi na vituo hadi vituo, mfanye mambo manne Jumapili hii.

La kwanza, zipeni majina picha za karatasi zenu muhimu. Tangulizeni mwaka, kisha mwezi, kisha jina la kitu na la mwenyewe, mathalani: 2017-12 cheti cha ndoa cha baba na mama. Mwaka ukitangulia, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Epukeni majina kama "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho". Baada ya miaka mitatu hakuna ajuaye ipi ilikuwa ya mwisho.

La pili, wekeni folda moja tu ya nyaraka za familia, humo muweke vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vya shule, kadi ya matibabu, na karatasi za nyumba. Kila mtu mzima wa nyumba ajue ilipo. Askari aliye mbali hawezi kupigiwa simu kila mara, na aliyetangulia mbele ya haki hapigiwi kabisa.

La tatu, andikeni namba za karatasi hizo katika daftari la kawaida la shule, kwa kalamu. Namba ya cheti, tarehe, na ofisi iliyotoa. Ukurasa mmoja unatosha. Daftari hilo halihitaji umeme, na ofisi nyingi zikipata namba huweza kukutafutia asili katika vitabu vyao. Kisha nakala ya folda ile ikae pia mahali pa pili, kwa ndugu mwaminifu, katika flashi iliyofungwa vizuri.

La nne ni siri. Daftari la kompyuta huandika hata maneno yaliyo ndani ya barua zako, si majina ya faili tu. Anayeketi mbele ya kioo akaandika jina lako huweza kuletewa usiyotaka ayaone. Folda ya mambo ya faragha itolewe katika daftari kwa njia ile ile ya Modifier, na kila mtumiaji awe na neno lake la siri. Nanyi askari, karatasi za kazi zibaki kazini. Kompyuta ya nyumbani ambayo watoto huchezea si ghala lake. Na siku mtambo unapokwenda kwa fundi au kuuzwa, kumbukeni kwamba mnampelekea mtu sanduku pamoja na orodha ya vilivyomo.

Huenda mtu akasema, "Haya yote ni kwa ajili ya kisanduku cha kutafutia?" Ndiyo, ndugu yangu. Siku mambo ni shwari, kutafuta polepole ni kero tu, mtu hupiga miayo akaenda zake. Lakini karatasi haitafutwi siku mambo ni shwari. Hutafutwa mtoto akiwa hospitalini, nafasi ya kazi ikiwa inafungwa kesho, au mjane akiwa ameketi sebuleni na saa tatu asubuhi inamngojea.

Mama yule alifika komini mapema. Karani alifungua kitabu, akateremsha kidole, akasimama kwenye mstari. Faili la watoto sasa linaendelea na safari yake kutoka meza hadi meza, kama yalivyo mafaili. Lakini limeondoka pale lilipokuwa limekwama.

Nami Jumapili ile ile nilimwita kijana wangu, tukaketi pamoja tangu saa nne hadi adhuhuri, tukazipa majina karatasi zote za watu tulizokabidhiwa. Usiku tukaiacha kompyuta ikiandika daftari lake upya, na safari hii umeme ulitustahi hadi asubuhi.

Hadi juma lijalo, wasomaji wapenzi, nawatakia kheri ninyi nyote mlio makambini, vituoni na majumbani.